Mkunga Aliyetukataza Kupeana Mikono

Kwa muda wa miaka miwili hivi, katikati ya miaka ya themanini, mtaani kwetu Malindi watu hawakupeana mikono. Tulisalimiana kwa viwiko, kwa mabega, kwa kuinua kidevu. Watoto waliowaamkia wakubwa walisimama hatua moja mbali, wakasema shikamoo na mikono imefichwa nyuma kama walioiba sukari. Mgeni akija kutoka Mombasa akanyoosha mkono, tuliutazama ule mkono kwa heshima, tukauacha ulivyo, kisha tukamwuliza habari za nyumbani. Amri hiyo haikutoka kwa chifu wala kwa kadhi. Ilitoka kwa mkunga wetu, mwanamke mfupi mwenye matege, ambaye hakuwa na cheo wala mali. Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa sindano.

Mwaka wa uchaguzi mgombea mmoja alifika mtaani na msafara wake, akashuka garini mkono umeshatangulia mbele. Hakuna aliyeupokea. Alikwenda nyumba hadi nyumba, na kila alipofika watu walitabasamu wakakunja mikono kifuani. Maskini ya Mungu, akaamini kwamba mpinzani wake ametununua sote. Juma lililofuata alituwekea bomba la maji pale kona ya msikiti, nasi tukamshukuru kwa viwiko. Mkunga alipokinga ndoo yake ya kwanza alisema, "Mwaona? Nanyi mwasema sindano zangu hazina faida."

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Baina ya kidole gumba na kidole cha shahada pana kinyama laini. Mkunga alifundishwa kwamba hapo ni mahali pakali, na mwanamke mwenye mimba changa hachomwi hapo wala habanwi, kwa sababu husukuma vitu kwenda chini. Mtu akikupa mkono kwa nguvu, kwa hesabu yake mkunga, anakubana papo hapo. Basi wenye mimba changa wasipewe mikono. Lingekuwa jambo dogo tu kama tungekuwa watu wa mahali pengine. Lakini kwetu mimba changa haitajwi. Miezi mitatu ya mwanzo ni siri ya mke na mume, na mara nyingine mume naye huambiwa mwishoni. Jicho la hasidi ni kali, na kitu ambacho hakijashika hakionyeshwi watu. Sasa ikiwa wenye mimba tu ndio wasiopeana mikono, si kila atakayeuficha mkono wake atakuwa ameshajitangaza? Mkunga alilifikiria jambo hilo siku mbili, akaja na jawabu: asipeane mtu yeyote.

Wanaume walijiunga kwa fikra zao wenyewe. Muuza samaki wa mtaani alieleza kwamba mke na mume ni mwili mmoja, kwa hiyo mkono wa mume nao si wa kuchezewa, na wenziwe wakaona amesema la maana. Imamu wetu alipinga. Mume wangu alinisimulia jinsi alivyopanda mimbari akaeleza fadhila za kupeana mikono, akaeleza vizuri sana, hata wazee wawili wakalia. Ijumaa iliyofuata alitoka mihrabuni mikono iko nyuma. Alikuwa ameoa mke mdogo mwaka huo. Msikiti mzima ulitazama mikeka.

Naisimulia habari ya mkunga kwa kicheko kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kichekesho, lakini mimi sikwenda kwake kutafuta kicheko. Nilikuwa nimeolewa miaka minne. Mimba mbili zilikuwa zimeshaniponyoka, ya kwanza wiki ya nane, ya pili wiki ya kumi, na kwa kuwa ziliingia kwa siri zilitoka kwa siri; zaidi ya mume wangu nilimwambia mkunga tu. Mama mkwe alikuwa ameanza kuniuliza kama nala vizuri. Nilitaka mtoto. Nilimtaka hata nikapita njia ya mbali kila siku ili nisipite mbele ya duka linalouza nguo za watoto, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyenunua humo.

Sindano alizipata Unguja. Alikaa huko miaka mingi na mume wake wa pili, akafanya kazi ya kufagia hospitali moja iliyokuwa na madaktari wa Kichina. Mmoja wao, mwanamke, alimzoea, akawa anamfundisha kidogo kidogo saa ya chakula cha mchana, naye akamfundisha yule daktari kukuna nazi. "Hatukuwa na lugha moja," alituambia. "Yeye anichoma mimi, mimi namchoma yeye. Ukikosea, mwenzio apiga ukelele. Wataka chuo gani kizuri kuliko hicho?" Aliporudi Malindi alikuja na lile kopo, na karatasi kubwa yenye picha ya mtu uchi aliyejaa vitone, na kila kitone na maandishi yake ya Kichina. Kwa kuwa nyumba yake iliingia watu wenye heshima zao, yule mtu alibandikwa kipande cha kikoi kiunoni.

Maandishi hakuweza kuyasoma, kwa hiyo vitone alivipa majina ya mahali anapopajua. Upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, ndipo pa kutuliza kichefuchefu. Hapo alipaita Feri. Siku hizo Kilifi hapakuwa na daraja. Mtu wa kwenda Mombasa ilikuwa lazima angoje feri ya kumvusha hadi Mnarani, awe na haraka asiwe nayo. "Kichefuchefu ni abiria," akisema. "Chatoka tumboni chataka kupanda juu. Mimi nafunga feri. Kitakaa ng'ambo kipige kelele hadi kichoke." Chini ya goti palikuwa Takaungu. Kile kinyama cha kidole gumba alikiita Gede, kwa sababu ya yale magofu, ambako kila mtu ajua kwamba haliguswi jiwe wala hakiokotwi kitu, usije ukarudi nyumbani na usiyemjua. Wanaume waliotibiwa migongo walikaa barazani wakisimuliana kwamba jana wamechomwa Takaungu mara mbili, na wapita njia wakadhani huko Takaungu kumeingia vurugu.

Siku yake ya wanawake ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Mwanzoni walikwenda wenye mimba peke yao, na ndipo lilipozuka balaa, kwa sababu mlango wake ulitazamana na kisima na kila aliyeingia alihesabiwa. Mkunga akalitibu hilo kama alivyolitibu la mikono. Akatangaza kwamba kila nyumba itoe mtu. Mwenye kiuno aje, mwenye goti aje, asiye na ugonjwa aje vilevile, atatafutiwa. Kwa hiyo Alhamisi ungekuta mikeka imejaa watu wa kila namna wamelala na sindano mikononi na miguuni, na katikati yao, kama punje za mchele katika pishi ya kunde, wawili watatu ambao kweli wana lao. Hata aliyelala kando yako hukujua ni wa kundi lipi.

Bibi mmoja wa miaka themanini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alichomwa Feri kila Alhamisi ili kujaza mikeka. Jambo hilo lilimwingia kichwani. Alikuwa akitoka pale ameshika kiuno, akikanyaga polepole, na kila aliyemwuliza hali akimjibu, "Siwezi kusema. Bado mapema."

Mkunga hakukuchoma ukiwa umetulia. Aliamini kwamba mtu aliyetulia anaingoja sindano, na sindano inayongojwa huuma. Basi alikuwa akikuchokoza. "Hebu nambia, ile pilau ya harusi ya dadako ulipika wewe? Nani alikudanganya kwamba waweza?" Ukifungua kinywa kumjibu, sindano imeshaingia zamani. Mimi alinichokoza kwa mama mkwe wangu, nami nikasema mambo ambayo mpaka leo nashukuru mama mkwe siku hiyo alikwenda Mambrui.

Palikuwa pia na dawa ya kufukiza. Ilikuwa majani makavu yaliyosokotwa mfano wa sigara nene. Aliiwasha ncha akaisogeza karibu na ngozi, bila kuigusa, mpaka upate joto. Moshi wake, sina namna nyingine ya kusema, ulinuka bangi. Siku moja ulimvuta polisi mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Alisukuma mlango akakuta wanawake kumi na mmoja wamelala chali, na sindano zimewasimama, na moshi hadi darini.

"Mali hii ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," akasema mkunga. "Vua viatu, lala."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na huko kazini ndiko ulikoumia mgongo. Watazama mlango huo uliokatika bawaba? Ndivyo unavyosimama."

Tulitundikiwa shuka katikati, akalazwa upande wa pili. Alilala usingizi mpaka ikaadhiniwa magharibi, na kofia yake ikatundikwa juu ya kichwa cha yule mtu wa vitone. Alipoamka alijinyoosha, akashangaa, akaomba maji. Kwa habari ya bangi alisema atafanya uchunguzi, na uchunguzi huo ukamleta kila Alhamisi.

Juma la pili alikuja na mkewe, dada mmoja mpole aliyekonda kwa kutapika. Hakuna aliyemweleza mambo yetu. Alisimama kizingitini akatusalimu wote kwa sauti ya mtu aliyelelewa kanisani.

"Hamjambo akina mama. Mimi nina mimba ya wiki saba na natapika sana. Nimeambiwa kuna mwenye anatibu wenye mimba. Ni nani?"

Mmoja wetu alijifunika buibui uso mzima. Mwingine alianza kusoma Ayatul Kursi. Bibi wa miaka themanini aliinua kichwa akasema kwa ukali, "Hapa hakuna mwenye mimba!"

"Karibu mwanangu," akasema mkunga. "Sisi hapa twaumwa na viuno tu."

"Kwetu mtu husema," akasema yule dada. Alikuwa amekaribia kulia. "Ukisema ndio watu wanakusaidia. Wanakubebea maji."

Mkunga alimtazama, nami nikamwona anayapima yale maneno. "Mficha uchi hazai, kweli," akasema. "Lakini hasidi naye halali. Mimi sijui nani mwenye haki. Nipe mkono." Akamchoma Feri bila hata kumchokoza, na siku ile ndipo nilipoona kwamba yule mama aliyetuwekea sheria zote hakuwa na uhakika nazo.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Kwanza, aliyetutoboa mtaa mzima alikuwa akiogopa sindano. Siku aliposhikwa na malaria tulimpeleka hospitali, akamwona muuguzi anakuja na bomba la sindano mkononi, akatoka kwa dirisha. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, na dirisha lenyewe halikuwa la chini. Tulimkuta kwenye jua, amekaa juu ya ndoo, anatetemeka. "Ile ina maji ndani," akajitetea. "Ya kwangu ni kavu."

Tena alikuwa na ulimi usiojua kutulia. Nani ameachwa, nani amerudiwa, nani dhahabu yake ya arusi ni shaba, yote aliyajua na yote aliyasema, na akikwambia usimwambie mtu alimaanisha usimwahi yeye. Lakini habari za matumbo hazikumtoka kamwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo haikumwaga tone. Kuna mwanamke aliyemtukana kisimani mbele ya watu wote, akamwita mchawi wa Kichina. Mkunga alimjibu kwa matusi ya kila aina isipokuwa lile moja la tumbo lake ambalo lingemnyamazisha.

Na ingawa alizipenda sindano zake, hakudai makubwa kwazo. Chai yake ya tangawizi na maganda makavu ya chenza alikupa akisema huenda ikafaa, huenda isifae, lakini ni tamu. Mwenye mimba akimwendea na tone la damu alimfukuza. "Hospitali! Sasa hivi! Wanitazamia nini mimi? Mimi nafunga feri tu, siizibi bahari." Akamfuata nyuma mpaka barabarani, matege yake yakikimbia, kuhakikisha kwamba amepanda gari.

Mimba yangu ya tatu aliijua yeye kabla ya mume wangu. Nilimwendea nikamwambia kiuno kinaniuma, akanitazama, akasema, "Kiuno hicho cha wiki ngapi?" Nilitapika mimba ile mpaka nikaona nyota. Harufu ya vitunguu ilinifukuza jikoni, harufu ya mume wangu ikanifukuza kitandani. Alinifunga feri kila Alhamisi, lakini hakuifunga yote. "Nakuachia kidogo," akasema. "Kikiwapo, wajua yuko mtu." Nikawa nakipenda kile kichefuchefu. Kila asubuhi niliamka nikakitafuta, nikikipata nashukuru, natapika kwa furaha. Mume wangu alidhani nimerukwa na akili.

Asubuhi moja ya wiki ya tisa niliamka sina kitu. Nilivinusa vitunguu, vilikuwa vitunguu tu. Nilikimbilia kwa mkunga nikanyoosha mikono yote miwili, nikamwambia afungue, aondoe alichokifanya, akirudishe. Hakugusa kopo. Alichukua buibui lake tukaenda hospitali pamoja, naye alinishika mkono njia nzima, kiganja kwa kiganja, mbele ya watu. Ilipofika jioni yote yalikuwa yamekwisha.

Mume wangu aliwaambia watu nina homa. Siku ya tatu homa haijashuka, kwa sababu haikuwa homa. Nilikuwa nimelala natazama ukuta, nataka kulia kwa sauti na sina ruhusa, maana mtu haangui kilio kwa sababu ya homa. Upande wa pili wa ukuta nilisikia jirani zangu wakizungumza habari za bei ya unga. Niliwachukia wote, na nilijichukia mwenyewe kuliko wao. Mkunga aliingia, akakaa kitandani. Nilingoja anichokoze, hakunichokoza.

"Lia," akasema.

"Watasikia."

"Wasikie."

"Nitawaambia nalia nini?"

Alifikiri, uso ule ule wa zile siku mbili za habari ya mikono. Kisha akainuka, akafika mlango wa nje, akajitwika mikono kichwani na kupiga ukelele uliofukuza kunguru sokoni. "Ewe Mola wangu! Shangazi yake wa Lamu amekufa!"

Mimi sina shangazi Lamu. Nina kaka Lamu, niliolewa Malindi nikitokea huko, lakini shangazi sijapata kuwa naye. Haikuchukua saa moja nyumba ikajaa. Mikeka ikatandikwa, kahawa ikatiwa motoni, wanawake wakaingia wamejitanda leso, na kila mmoja akanikumbatia akasema pole, nami nilipoisikia ile pole ya kwanza nilifungua kinywa nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama mkwe wangu alinilaza mapajani mwake, akanipapasa kichwa. "Lia mwanangu," akasema, "shangazi ni mama." Hakuwahi kunipapasa kabla ya siku hiyo.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akakuta wanaume barazani wanamnyooshea viwiko vya rambirambi. "Nani amekufa?" akauliza. Wakamwambia shangazi ya mkeo. Alisimama, akatazama ndani, akamwona mkunga amesimama ukumbini anamkazia macho. Mungu ambariki, hakuuliza tena. Alivua viatu, akakaa mkekani na wenziwe, akafunika uso, akalia yeye naye. Watu walimsifu sana. Wakasema ni wachache wanaume wa siku hizi wanaowapenda jamaa za wake zao kiasi hicho.

Matanga yalikwenda siku tatu, na shangazi yangu akazidi kujulikana. Mke wa muuza samaki alisema aliwahi kuonana naye arusini, alikuwa mwanamke wa mwendo wa heshima. Mwingine alimkumbuka kwa mahamri. Bibi wa miaka themanini alisema walisoma chuo kimoja cha Kurani, na kwamba marehemu tangu utotoni alikuwa na kiburi lakini asemehewe, hakuna asiye na kasoro. Mke wa polisi alikuja na sukari na unga, akakaa pembeni akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkataza. Mkunga alimwita imamu aje asome dua kwa ajili ya aliyetangulia. Hakusema shangazi, alisema aliyetangulia, na hapo hakusema uongo. Nilisema amina kwa sauti, nikijua naisema kwa ajili ya nani. Nilimlilia yule wa tatu, kisha nikamlilia wa pili, kisha nikarudi nyuma nikamlilia wa kwanza. Siku ya nne niliamka nikaomba chakula.

Kaka yangu alikuja baada ya mwezi, safari yote ile kutoka Lamu, na hasira zimempanda kwa kuwa amefiwa na shangazi bila ya kuambiwa. Alitaka kujua marehemu alikaa mtaa gani. Mkunga alimkalisha, akamwuliza kama ni yeye aliyechagua shati lile, akamchoma Takaungu.

Mwaka uliofuata nilipata mimba ya nne. Nilikwenda kila Alhamisi, nikafungiwa feri nusu, nikanywa chai ya maganda. Hii ilishika. Sijui ni sindano, sijui ni kupumzika saa mbili kila juma pasipo mtu wa kunituma, na mkunga hakutaka kujua. "Mshukuru aliyeumba," akasema, "mimi nitajie tu uzito wake." Binti yangu alizaliwa hospitali mkunga akiwa nami, na muuguzi alipokuja na sindano yake yenye maji, mimi niliyezaa ndiye niliyemshika mkunga asianguke.

Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Alhamisi moja alichoma mkeka. Alizing'oa sindano zote za watu wote, akazihesabu, akafunga kopo, na hakulifungua tena. Mikono ikarudi mtaani polepole, wazee kwanza, na baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa imeondoka. Yeye alihamia Dabaso, kwa mjukuu wa dada yake, na habari zake zikawa za kusikia tu.

Nilimwendea karibu na mwisho wa muongo ule, binti yangu ana miaka mitatu. Nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi ya nazi, anakuna kwa kupapasa, macho yamekuwa meupe. Nilimwamkia, akaijua sauti yangu, akauliza kama bado napika vibaya. Mjukuu wake, mke kijana mwenye adabu sana, alituletea chai na viazi vitamu, akakaa kunizungumzisha kama inavyompasa mgeni. Binti yangu alikuwa akifukuza bata.

"Dada, una watoto wangapi?" akaniuliza.

"Mmoja tu," nikasema. "Ni huyu."

"Wanne," akasema mkunga.

Mjukuu alinitazama kwa haya, akashusha sauti. "Msamehe, dada. Siku hizi huchanganya mambo."

Mkunga hakubisha. Aliacha kukuna, akanigeuzia uso, akangoja. Mimi na mume wangu hatukuwahi kuwahesabu. Tulipowataja, na ni mara chache, tulisema ile mara ya kwanza, ile mara ya pili. Sikuwahi kudhani kwamba kuna mtu hapa duniani anayewaweka pamoja na huyu anayefukuza bata. Nilimpenda yule bibi siku hiyo kwa mapenzi ambayo sijui kuyaeleza.

"Hajachanganya," nikasema. "Ni wanne."

"Mashaallah!" akasema mjukuu, uso umemchangamka. "Na hao wakubwa umewaacha na nani leo?"

"Nimewaacha na bibi yako," nikasema.